Mgeni wa Warsha Asiishie Raskazone

Barua ya mwaliko wa warsha ya kimataifa huwa na viambatisho viwili. Cha kwanza ni ratiba, nayo hupitiwa na mkurugenzi, mfadhili na mwenyekiti wa kikao mpaka kila nukta ikae mahali pake. Cha pili ni karatasi ya maelekezo ya safari na malazi, na hiyo huachiwa karani. Karani naye ana kazi nyingine chungu nzima, hivyo hufungua karatasi ya mwaka jana iliyoandikwa kwa ajili ya Arusha, akafuta Arusha, akaandika Tanga. Ndivyo mtaalamu wa bahari anavyoweza kuingia Tanga mwezi Februari, joto limepamba moto, akiwa na sweta ya kupandia mlima, amesoma mengi juu ya simba na hajaambiwa lolote juu ya maji kujaa na kupwa.

Tanga haistahili kufanyiwa hivyo. Ni mji uliozoea wataalamu wa kigeni kuliko miji mingi ya nchi hii. Mkonge uliojenga utajiri wake uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ya kwenda Usambara ulianza. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, juu kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Siku hizi Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina vituo Tanga mjini na Muheza, na eneo la Korogwe lilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Wavuvi wa Tanga walipoanza kumnasa samaki silikanti katika nyavu zao, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, wanasayansi walimiminika, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Halafu likaja bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443, na wahandisi wake wa kila taifa.

Wageni hawa wote hulala wapi, hula nini, hupita njia gani, na fedha zao huishia kwa nani? Hapo ndipo karatasi ya maelekezo inapoacha kuwa kazi ndogo ya karani. Inafaa iandikwe na watu wa Tanga wenyewe, iseme ukweli wa Tanga, na iwe na nusu siku ya kwenda kwenye magofu ya Tongoni, yenye malipo yake ndani ya bajeti. Bila hivyo mgeni atashushwa Raskazone, kwenye hoteli za ufukweni, atalala Raskazone, atasikiliza mada Raskazone, kisha atarudishwa Dar es Salaam akiamini ameiona Tanga.

Kwanza nyaraka, maana huko ndiko wageni wanakokwama. Viza ya Tanzania huombwa kwa njia ya mtandao kabla ya safari. Ya kawaida ni dola 50, na raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Ipo pia viza ya biashara ya dola 250, ya anayekuja kufanya kazi maalumu ya muda mfupi. Mbele ya afisa wa Uhamiaji, anayekuja kusikiliza mada na anayekuja kufundisha kwa malipo si watu wa aina moja. Ni wajibu wa mwenyeji kuuliza Uhamiaji mapema na kuandika jibu kwenye barua ya mwaliko, badala ya kumwachia mgeni abahatishe akiwa Accra au Lisbon. Wakenya na Waganda hawahitaji viza, lakini hiyo haiwaondolei mtego wa pili.

Mtego huo ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania humdai cheti anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Anayetoka Ulaya moja kwa moja hadaiwi, lakini akipitia Nairobi au Addis Ababa akakaa uwanjani zaidi ya saa 12, au akatoka nje ya uwanja kwenda kulala hotelini, hesabu hubadilika. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kumkumbusha mshiriki wiki moja kabla ya safari ni sawa na kutomkumbusha kabisa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa kuwa kitakwisha baada ya miaka 10.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Mgeni aiache kwao.

Dola nazo zina mambo yake. Karatasi nyingi bado humshauri mgeni aje na noti za dola za kulipia hoteli, teksi na hata chakula. Ushauri huo umepitwa na wakati. Kwa kanuni zilizotangazwa Machi 2025, bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi zinapaswa kutajwa na kulipwa kwa shilingi ya Tanzania. Mgeni abadilishe fedha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, asajili laini ya simu kwa pasi yake ya kusafiria na alama za vidole, kisha aweke fedha kwenye simu. Dereva wa bajaji na muuza madafu wa Tanga hawana mashine ya kadi, ila namba ya kulipia kwa simu wanayo.

Njia ya kufika ndiyo inayopotoshwa zaidi. Mtu aliyeko mbali hutazama ramani, akaona reli, akasoma habari za treni ya kisasa ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, akahitimisha kwamba Tanga atafika kwa treni. Hatafika. SGR inaelekea Dodoma na bara. Anayekwenda Tanga atapanda basi, gari la kukodi au ndege ndogo.

Kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, ni kilomita kama 350 kupitia Chalinze na Segera, mwendo wa saa tano hadi saba kutegemea foleni. Wenye magari binafsi wengi hukwepa msongamano wa Kibaha kwa kupita Bagamoyo na kutokea Msata. Anayeshauriwa ashukie uwanja wa Kilimanjaro kwa kuwa "uko kaskazini" amedanganywa; kutoka huko hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 350 pia, kupitia Same na Korogwe. Ndege ndogo huokoa muda, lakini nyingi hazikubali zaidi ya kilo 15 za mzigo, tena kwenye begi laini. Mtaalamu mwenye sanduku gumu la vifaa vya utafiti aambiwe hilo kabla hajakata tiketi.

Yupo pia wa Mombasa, ambaye karatasi za Dar es Salaam humsahau kabisa. Kutoka Mombasa hadi Tanga kupitia Lunga Lunga na Horohoro hazifiki kilomita 200, na kipande cha Horohoro hadi Tanga, kilomita 65, ni lami. Kwa Mwafrika Mashariki hiyo ndiyo njia ya akili. Lakini mgeni wa mbali ajue kwamba Kenya nayo tangu Januari 2024 huwadai wageni wengi kibali cha kielektroniki cha kuingia, chenye ada yake. Nafuu ya umbali inaweza kumezwa na ada hiyo na usumbufu wa mpakani.

Halafu saa. Basi la "saa kumi na mbili asubuhi" linaondoka jua likichomoza, na mgeni aliyezoea saa za kizungu atalisubiri mchana wa jua kali. Tiketi nyingine huandikwa hivi, nyingine vile. Mwenyeji aandike zote mbili, na aongeze neno "alfajiri" au "jioni" pembeni.

Mabasi ya mikoani hushusha Kange, nje kidogo ya katikati ya mji. Ndani ya mji usafiri ni bajaji, bodaboda na daladala, na kwa anayependa, baiskeli. Tanga ni tambarare na watu wake huendesha baiskeli bila kuona haya, jambo ambalo majiji mengine yangefaa kuliiga. Katika eneo la Ngamiani mitaa imepewa namba, barabara ya kwanza, ya pili na kuendelea, hivyo mgeni mwenye kichwa kizuri hapotei.

Kuhusu malazi, karatasi nyingi hutaja hoteli moja ya Raskazone, kwenye ufuo wa bahari, na kuishia hapo. Hoteli za Raskazone ni nzuri, na mandhari yake hayana ubishi. Lakini mwanafunzi wa uzamili aliyejilipia nauli kutoka Kampala hana uwezo sawa na mshauri mwelekezi aliyelipiwa kila kitu, na Tanga ina gesti safi za bei ya kadiri katikati ya mji na Ngamiani. Zinahitaji tu mtu aliyezikagua. Mwenyeji aende mwenyewe, aingie chumbani, atazame chandarua kama kina matundu, awashe feni, afungue bomba la bafuni mchana na si usiku tu, aulize jenereta ikoje umeme ukikatika, asikilize kama kuna baa ya muziki dirishani. Tanga ni pwani yenye malaria na chandarua si pambo. Soketi za ukutani ni za pini tatu za mraba, kama za Uingereza.

Kwenye gesti mgeni atakutana na kitabu cha wageni, chenye safu za jina, kazi, anakotoka, anakokwenda, na mara nyingi kabila. Mswidi anayeulizwa kabila lake usiku wa manane hushtuka, akadhani anachunguzwa. Sentensi moja kwenye karatasi ya maelekezo ingemtuliza: ni safu tu ya kitabu, aandike utaifa wake na akalale.

Majira nayo yasifichwe. Masika, Machi hadi Mei, mvua za Tanga hazina mzaha. Kipupwe cha Juni hadi Septemba ndicho kinachomfaa mgeni. Warsha ikiangukia mwezi wa Ramadhani si kosa, ila chai na vitafunwa vya ukumbini vipangwe kwa staha, na mgeni aambiwe kwamba kutafuna mhogo barabarani mchana wa Ramadhani kunawakera wenyeji wake. Anayekaa mpaka magharibi atafaidi, maana futari ya Tanga haina mpinzani. (Mombasa watabisha. Waachwe wabishe.)

Sasa Tongoni. Iko kusini ya jiji kwa barabara ya Pangani, kilomita zisizozidi 20, na daladala za Pangani hupita hapo. Njiani iko Machui, na huko ndiko Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mbele zaidi ya Tongoni ni Kigombe, kijiji cha wavuvi ambacho kimetajwa mno katika habari za silikanti. Kwa maneno mengine, barabara moja fupi ina mwandishi mkuu wa Kiswahili, mji wa kale wa Waswahili, na samaki aliyedhaniwa kutoweka duniani kabla hajavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hakuna mkoa wenye akili timamu unaomrudisha mgeni kwao bila kumpitisha barabara kama hiyo.

Kinachoonekana Tongoni ni magofu ya msikiti wa karne ya 15 hivi, kibla chake kikiwa bado kinatambulika, na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Mengi yalikuwa makaburi ya nguzo, na wataalamu huyahesabu kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Nguzo karibu zote zimeanguka. Kwenye baadhi ya makaburi palipachikwa vyombo vya kauri kutoka China, na matundu vilikokaa bado yanaonekana. Bahari iko karibu mno, na mikoko imeyazunguka magofu.

Mji huo katika maandishi ya zamani huitwa Mtangata, na una habari yake ya kupokea wageni. Aprili 1498 merikebu ya msafara wa Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya pwani hii, muda mfupi kabla Wareno hawajatia nanga Mombasa. Wenyeji walikuja na mitumbwi, mmoja umesheheni machungwa, na mwandishi wa kumbukumbu za safari ile akakiri kuwa yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Watu wa Muheza, wakulima wa machungwa, hawatashangaa. Januari 1499, wakirudi kutoka India huku mabaharia wengi wamekufa, Wareno waliiteketeza São Rafael papo hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha, na watu wa Mtangata wakawaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili. Mgeni alikula, mwenyeji akapata shati. Biashara ilikuwa wazi kuliko ya warsha nyingi za leo, ambamo mgeni hulipiwa kila kitu na kijiji hakipati hata bangili.

Pwani hii ilijua kuandaa malazi ya msomi mgeni zamani zaidi ya hapo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu, mwaka 1331, vijana wa mji walikuja melini na sahani za chakula zilizofunikwa, kila mmoja akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Yeye hakuwa mfanyabiashara. Ilipojulikana kwamba ni mtu wa elimu, alipokewa na kadhi, akapewa chumba katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu. Utaratibu ulikuwepo: nani ampokee nani, alale wapi, ale nini. Leo shirika lenye kompyuta 30 linashindwa kumwambia mgeni ni nani atakayempokea Kange.

Tongoni yenyewe si mahali pa kulaza warsha, na karatasi iseme hivyo bila kuzunguka. Ni kijiji cha uvuvi na kilimo. Kukipelekea watu 40 wenye masanduku ni kukionea. Anayetaka kulala nje ya jiji ana Kigombe, Pangani mjini na Ushongo, ambako kuna malazi ya ufukweni. Tongoni iendewe alasiri, kama saa kumi, jua likiwa limepungua makali, kwa viatu vya kutembelea na mavazi ya kufunika mabega na magoti, maana ni kijiji cha Waislamu na yale ni makaburi. Hakuna kukaa juu ya kaburi kupiga picha. Hakuna kuegemea ukuta wa miaka 500 kwa kuwa umeonekana imara. Haya madogo ndiyo yanayovunja magofu haraka kuliko mawimbi, na mgeni ambaye hakuambiwa hana lawama.

Kikwazo kikubwa ni risiti. Mhasibu wa mradi hudai risiti ya mashine ya EFD kwa kila shilingi, na mwongoza wageni wa kijijini hana mashine, wala mama lishe anayepika wali wa nazi na samaki. Kwa hiyo chakula kinanunuliwa hotelini mjini, kinapakiwa kwenye maboksi, kinabebwa hadi Tongoni, kinaliwa mbele ya watu wa Tongoni, na maboksi yanabaki Tongoni. Utaratibu huo ni aibu, tena hauna sababu. Kiingilio cha serikali hulipwa kwa namba ya malipo na risiti yake hutoka. Kuhusu chakula na mwongozo, fomu ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu ya aliyelipwa, ikiungwa mkono na ujumbe wa muamala wa simu, ni ushahidi ambao mfadhili mwenye nia njema anaweza kuukubali akiombwa kabla ya mkataba kusainiwa. Wahasibu hukubali fomu za namna hiyo kwa posho za washiriki. Mama lishe ana tofauti gani?

Wapo watakaosema warsha ni kazi, si utalii, na nusu siku ya magofu ni ubadhirifu. Hoja hiyo ina uzito kwa warsha ya kodi. Kwa warsha ya uvuvi, ya mmomonyoko wa fukwe, ya malikale, ya afya ya vijijini au ya mabadiliko ya tabianchi, Tongoni ni darasa lenye mifano mingi kuliko slaidi za ukumbini, na gharama yake ni mafuta ya basi dogo la kwenda na kurudi chini ya kilomita 40.

Basi atakayeandaa warsha ijayo Tanga, rasimu ya karatasi yake asiipeleke kwa mfadhili peke yake. Awasomee pia dereva wa njia ya Pangani, mhudumu wa gesti ya Ngamiani na mtunza magofu wa Tongoni, awaache wakosoe. Kisha aingize kwenye bajeti basi la kukodi, viingilio, ujira wa mwongoza wageni na chakula kilichopikwa kijijini, vyote kwa shilingi, na atume karatasi hiyo miezi miwili kabla ya warsha, wakati bado kuna muda wa kudungwa chanjo.